Somo la Wanachama: Kumchagua Wakili wa Shauri la Ndoa, Watoto au Mirathi

Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wao kujua jinsi ya kumtafuta wakili pale shauri la ndoa, la watoto au la mirathi linapomfika mwanachama. Jambo hili laonekana kuwa la nyumbani, lisilouhusu ushirika. Lakini kila katibu aliyekaa ofisini miaka kadhaa anajua kwamba migogoro ya nyumbani huingia chamani kwa mlango wa akiba na mikopo. Mwanachama huja kuomba mkopo wa dharura ili amlipe wakili. Mjane huja na kitabu cha akiba cha marehemu na kuuliza atalipwa lini. Mume na mke huja siku tofauti, kila mmoja akitaka karatasi ya kuonyesha kwamba nyumba ya Mbagala au ya Tegeta ilijengwa kwa mkopo wake.

Katibu hawi hakimu wa mambo hayo, wala hatakiwi kuwa wakili. Hata hivyo, neno moja la busara kutoka kwake laweza kumwokoa mwanachama asipoteze nyumba, na laweza kukiokoa chama kisipoteze mkopo.

Fundisho kuu la somo ni hili: shauri hutangulia, wakili hufuata. Mwanachama anayemtafuta wakili kabla ya kujua shauri lake ni la namna gani, limefika hatua gani, na litasikilizwa wapi, aghalabu hununua huduma asiyoihitaji na kuikosa ile anayoihitaji.

1. Kulijua shauri lenyewe

Mashauri ya familia yanayowafikia wanachama wa Kinondoni, Temeke na wilaya za jirani ni ya namna nne.

(a) Kuvunjika kwa ndoa. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo inahusu ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za serikali. Chini ya sheria hiyo ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama. Karatasi ya talaka iliyoandikwa nyumbani, au maneno yaliyotamkwa mbele ya wazee, peke yake hayamalizi jambo mbele ya sheria. Tena, kabla ya kufungua shauri la talaka, mgogoro hapana budi upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kusuluhisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo huambatishwa na maombi ya talaka. Sheria imetaja hali chache zinazosamehewa sharti hili, kama vile mwenzi kutoweka pasipojulikana alipo, au kukataa kwa makusudi kufika barazani. Kadhalika, ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haiwezi kuombewa talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama.

(b) Mgawanyo wa mali. Mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana, ina uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi zao za pamoja. Hapa ndipo penye ubishi mwingi kuliko pengine popote.

(c) Watoto. Hapa huulizwa nani atakaa na watoto na nani atawatunza. Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinatazama kwanza maslahi ya mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, ila dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi.

(d) Mirathi. Mwanachama anapofariki, mali yake husimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Msimamizi si mrithi wa kila kitu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi walichostahili, na kutoa hesabu mahakamani.

Kila namna ina wakili wake. Aliye hodari katika kesi za jinai au za mikataba ya biashara si lazima awe hodari katika mirathi. Na yapo mambo mengine, kama matunzo ya mtoto, ambayo mara nyingi humalizika kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa manispaa bila kumlipa wakili hata senti.

2. Kuijua mahakama

Mashauri ya ndoa yaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale sheria inayohusika na mali ya marehemu ni ya kimila au ya Kiislamu. Mirathi mingine hupelekwa mahakama za juu.

Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Kuanzia mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na sasa mawakili wanaruhusiwa katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Pamoja na hayo, Mahakama ya Mwanzo imebaki kuwa mahali ambapo mwananchi anaweza kujieleza mwenyewe kwa lugha yake. Katika shauri la madai mahakama hiyo yaweza pia kumruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kwake amsemee, endapo mwenye shauri ataomba hivyo. Katika mwaka huo huo wa 2021 Kiswahili kiliwekwa kisheria kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo ile hofu ya zamani, ya kwamba lazima awepo wakili kwa sababu ya Kiingereza, imepungua sana.

Wakazi wa Dar es Salaam wana nafasi nyingine ambayo mikoa mingi haina. Katika mwaka 2021 ilianza kazi huko Temeke mahakama ya Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki inayoshughulikia masuala ya familia. Katika jengo moja zimewekwa mahakama za ngazi mbalimbali, kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, kwa ajili ya mashauri ya ndoa, watoto na mirathi. Mwanachama wa Bunju au wa Buza anayeshindwa kujua aanzie wapi, afike kituoni hapo kuuliza utaratibu kabla hajatoa fedha kwa mtu yeyote.

3. Nani hasa anaitwa wakili

Watu wengi huyachanganya maneno mwanasheria na wakili. Mwanasheria ni mtu aliyesomea sheria. Wakili ni mwanasheria aliyeapishwa, ambaye jina lake limeandikwa katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, na ambaye ana cheti hai cha kufanyia kazi. Cheti hicho huhuishwa kila mwaka. Wakili aliyekuwa halali mwaka jana na asihuishe cheti mwaka huu hana ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili.

Nje ya mahakama na katika baadhi ya vibanda vya kupiga chapa na kutoa nakala, wapo watu ambao wananchi wamewaita vishoka. Hao huandika hati kwa bei rahisi na kuahidi kumfahamu hakimu. Sheria ya Mawakili inakataza mtu asiye wakili kuandaa hati za mahakama kwa malipo. Hasara kubwa ya kishoka si zile shilingi anazochukua, bali ni shauri kufunguliwa vibaya na muda kupita.

Kumhakiki wakili si kazi ngumu. Mwanachama aulize jina kamili na namba ya wakili katika orodha. Kisha aulize kwenye ofisi ya Msajili, au kwenye Chama cha Mawakili Tanganyika kilichoanzishwa mwaka 1954, au atazame katika mfumo wa mtandao wa Mahakama uitwao e-Wakili. Wakili wa kweli hakasiriki akiulizwa namba yake.

4. Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo, ila mambo yaliyomo hutokea.

Mwanachama mmoja, mama lishe wa Tandika, amekaa na mwenzake kwa miaka 11 bila cheti cha ndoa. Kiwanja kilinunuliwa kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa, ikiwa na jina la mume pekee. Bati na saruji zilinunuliwa kwa mikopo miwili aliyoichukua mama huyo chamani na kuirejesha kwa faida ya sufuria zake. Mume anapomfukuza, jirani anampeleka kwa kishoka. Kishoka anamwandikia maombi ya talaka, na mama anakopa tena ili alipe. Mahakamani maombi yanakataliwa, maana hayakupitia Baraza la Usuluhishi. Miezi imepita, fedha zimekwisha, na nyumba imekwisha kutafutiwa mnunuzi.

Lau mama huyo angelijua shauri lake kwanza, angelishika njia nyingine. Angejua kwamba watu waliokaa pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kutambulika na jamii kuwa mume na mke, sheria inawadhania kuwa wamefunga ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Angejua kwamba kuna Baraza kwanza. Angejua kwamba jina la mume katika karatasi halifungi mlango, mradi yeye ana ushahidi wa mchango wake. Na angemtafuta wakili kwa jambo moja la haraka, yaani kuizuia nyumba isiuzwe wakati shauri linaendelea.

Mfano huu si wa kutishana. Mahakama ya Rufani yenyewe imekwisha kufuta mashauri ya talaka yaliyokuwa yamepita mahakama za chini, kwa sababu tu hati ya Baraza haikuwepo au haikuwa sahihi. Wenye mashauri hayo waliambulia kurudi walikoanzia.

5. Fundisho kutoka shauri la Bi Hawa Mohamed

Katika mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kabla ya hapo majaji walikuwa wametofautiana juu ya swali moja: je, mke aliyefanya kazi za nyumbani tu amechangia kupatikana kwa mali ya ndoa? Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango unaotambuliwa. Uamuzi huo umekuwa nguzo ya mashauri ya mgawanyo wa mali hadi leo.

Lakini shauri hilo lina upande wa pili ambao husahauliwa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za shughuli yenye manufaa kwa familia, naye hakuzitumia ipasavyo. Yaani alishinda katika hoja akakosa katika mali.

Kutokana na hayo yapatikana kipimo kizuri cha wakili. Wakili anayefaa humwuliza mteja mambo yanayomdhuru, si yale yanayompendeza tu. Huuliza: Je, ulipewa fedha? Je, ulikwisha kuuza kiwanja kingine? Je, kuna mke mwingine au watoto wa nje? Wakili anayesikiliza dakika tano, akapiga meza na kusema ushindi upo, huyo afikiriwe mara mbili. Hakuna wakili awezaye kuahidi hukumu.

6. Maswali ya kumwuliza wakili siku ya kwanza

Mwanachama aende na maswali yake yameandikwa. Yafuatayo yatamtosha kwa kuanzia:

(a) Je, ameshughulikia mashauri ya namna hii, na katika mahakama zipi?
(b) Je, shauri hili lazima liende mahakamani, au laweza kumalizwa kwa mapatano?
(c) Ni hatua gani ya kwanza, na ina mwisho wa siku ngapi? Kwa mfano, Sheria ya Ndoa imeweka siku 45 za kukata rufaa. Anayengoja siku ya 44 amejitia hatarini.
(d) Je, atasimama mwenyewe mahakamani au atamtuma mwingine?
(e) Je, amewahi kumtumikia mume, mke au ndugu wa upande wa pili? Wakili mmoja hafai kuwatetea watu wawili wanaopingana, hata kama wote ni jamaa zake.
(f) Ni ushahidi gani unaopungua?

Swali la mwisho ndilo la kumpeleka mwanachama nyumbani kutafuta karatasi zake. Azikusanye cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, karatasi ya mauziano au leseni ya makazi, stakabadhi za vifaa vya ujenzi, na kitabu cha akiba na mikopo. Kwa mirathi, aongeze cheti cha kifo, wosia kama upo, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo huwekwa ukutani katika ofisi za vyama, nao una kazi hata mahakamani.

7. Ada na mapatano

Malipo ya mawakili yana utaratibu wake, na ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Mwanachama anastahili kupatiwa mapatano ya maandishi yanayoonyesha kazi itakayofanywa, kiasi cha ada, jinsi ya kulipa kwa awamu, na gharama zisizokuwamo, kama ada za mahakama na nauli. Kila malipo yapewe risiti.

Mwanachama asikubali kuacha hati halisi ya nyumba kwa wakili kama rehani ya ada, wala asitie sahihi karatasi isiyojazwa. Akitendewa vibaya, ipo Kamati ya Mawakili iliyowekwa na sheria kusikiliza malalamiko ya nidhamu.

Asiye na uwezo wa kulipa asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Jijini Dar es Salaam zipo taasisi zenye uzoefu mrefu wa mashauri ya familia, miongoni mwao Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Wapo pia wasaidizi wa kisheria katika kata. Hao humwelekeza mwananchi na kumwonyesha utaratibu, ila hawaruhusiwi kumwakilisha mahakamani. Palipo na kipigo au vitisho, safari ya kwanza ni ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wakili atafuata baadaye.

8. Wajibu wa katibu na halmashauri

Katibu asimtaje wakili mmoja kwa kila anayeuliza, na kamwe asipokee bahashishi kwa kumpelekea wakili wateja. Amwonyeshe mwanachama jinsi ya kuhakiki na kuuliza, kisha amwachie uchaguzi.

Wakili wa chama asitumiwe katika ugomvi wa wanachama wawili waliooana. Chama kitaonekana kimechukua upande.

Habari za akiba na mikopo ni siri ya mwanachama. Mume hapewi taarifa ya mke, wala mke ya mume, bila ridhaa ya mwenyewe au amri ya mahakama. Mwenyewe akiomba taarifa yake, apewe upesi, ikiwa na muhuri na tarehe sahihi. Taarifa hiyo yaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba bati za nyumba zilinunuliwa na nani.

Mkopo unapodhaminiwa kwa nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi ipatikane kabla ya fedha kutoka. Sheria ya Ndoa inalinda nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa hiyo katika rehani. Chama kinachopuuza jambo hili kitakutana na wakili wa mke au wa mume siku ya kuuza dhamana.

Mkopo wa kumlipia wakili utolewe baada ya kuonyeshwa mapatano ya maandishi. Sharti hilo huweza kumzuia mwanachama asitie fedha mikononi mwa kishoka.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa wanachama

1. Mwanachama wa Mwananyamala anataka kufungua shauri la talaka wiki hii. Ni mambo gani mawili ayahakikishe kabla ya kutafuta wakili?
2. Kuna tofauti gani kati ya mwanasheria, wakili, msaidizi wa kisheria na kishoka?
3. Mama lishe wa Tandika angeweza kupata ushahidi gani kutoka chamani kwake, na katibu ampe kwa utaratibu gani?
4. Kwa nini wakili anayeuliza maswali magumu ni bora kuliko anayeahidi ushindi?
5. Katibu akague mafaili ya mikopo ya chama: ni mangapi yenye dhamana ya nyumba ambayo hayana ridhaa ya mwenzi? Jibu lipelekwe katika kikao kijacho cha halmashauri.